Pumzi Tatu Kabla ya Kujibu



Ni saa tatu za usiku. Umeme umekatika, na mwanga pekee chumbani ni ule wa simu. Ujumbe unaingia katika kikundi: ni sauti ya mtu asiyejitaja jina, anayeeleza kwa hasira kwamba watu wa kabila fulani, wakaao katika mtaa fulani, wamefanya ubaya fulani jana. Mwishoni kuna amri: watumie wengine kumi. Moyo unaenda mbio, uso unapata joto, na kidole gumba kimekwisha kusogea. Kati ya kusikia na kutuma kuna nafasi ndogo, pengine sekunde tatu tu. Katika nafasi hiyo jirani ambaye hujawahi kumwona anaweza kupoteza nyumba yake, au hata uhai wake.

Makala haya yanahusu sekunde hizo tatu.

Tumefundishwa mara nyingi kwamba tupendane. Ni mara chache tumefundishwa jinsi ya kusimama kwa muda unaohitajika ili upendo upate kusema kabla ya hasira. Wapo watu walioshughulika na jambo hilo kwa zaidi ya karne ishirini, nao ni Wabudha wa bara la Asia. Katika lugha yao ya kale ya Kipali ustadi huo huitwa sati, neno ambalo asili yake ni kukumbuka. Kwa Kiswahili tunaweza kusema uzingativu. Nao hawautenganishi na karuna, yaani huruma. Ninaandika ili kutetea wazo moja: kijana Mkristo anayeishi mahali penye vita na umaskini anaweza kujifunza ustadi huo pasipo kuiacha imani yake, mradi auchukue mzima, uzingativu pamoja na huruma. Akichukua nusu tu, atapata ama starehe ya kujipenda, ama uchovu wa moyo.

Vijana wa Saigon

Watu wengi wakisikia habari za tafakuri ya Kibudha humwaza mtawa aliyefumba macho chini ya mti, mbali na makelele ya dunia. Picha hiyo si ya uongo, lakini imepungukiwa. Tuitazame nchi ya Vietnam katika miaka ya 1960. Vita vilikuwa vimeigawa nchi, kaskazini na kusini, na mabomu yaliangukia vijiji vya wakulima. Katika mji wa Saigon alikuwako mtawa wa Kibudha aliyeitwa Thich Nhat Hanh, aliyezaliwa mwaka 1926 na kuingia monasteri akiwa na umri wa miaka 16. Swali lililomkabili yeye na wenzake lilikuwa hili: je, watawa wabaki ndani wakitafakari, au watoke nje kuwasaidia wanaoumia? Yeye alikataa kuchagua moja na kuacha la pili. Pamoja na wenzake alianzisha Shule ya Vijana kwa Huduma ya Jamii. Humo vijana wa kiume na wa kike walijifunza kufungua shule ndogo vijijini, kutunza wagonjwa, kuwasaidia wakimbizi na kujenga upya nyumba zilizobomolewa.

Vijana hao hawakuchukua upande wowote katika vita, na kwa sababu hiyo pande zote mbili ziliwashuku. Mwaka 1967 baadhi yao waliuawa. Katika mkoa wa Quang Tri, karibu na mstari uliotenga kaskazini na kusini, kijiji walichokuwa wamekijenga kilipigwa mabomu, nao wakakijenga upya. Kikapigwa tena, wakakijenga tena. Siku moja vijana walimwuliza mwalimu wao kama kuna tumaini lolote la vita kuisha upesi. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hakujibu mara moja. Alivuta pumzi kimya, maana hata yeye hakuliona tumaini hilo. Kisha akawakumbusha fundisho la kale la Kibudha kwamba hakuna jambo la dunia hii lidumulo milele, na vita navyo ni jambo la dunia hii.

Mwaka 1966 alisafiri kwenda Marekani kuomba amani kwa ajili ya nchi yake, akazuiwa kurudi. Alikaa uhamishoni hadi mwaka 2005, ndipo aliporuhusiwa kuikanyaga tena ardhi ya Vietnam. Akiwa Ufaransa, katikati ya miaka ya 1970, aliandika barua ndefu kwa mmoja wa watumishi wa shule ile waliobaki nyumbani. Barua hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kitabu kinachosomwa leo katika lugha nyingi. Sasa fikirini: vijana wamezika wenzao, vijiji vyao vinaungua, na mwalimu yuko mbali. Je, aliwaandikia nini? Pamoja na mengine, aliwaandikia juu ya kuosha vyombo.

Aliwaeleza kwamba mtu anayeosha sahani huku akili yake imekimbilia kikombe cha chai kinachomngoja, haoshi sahani kwa kweli. Naye atakapoketi kunywa chai hatainywa, kwa maana akili itakuwa imekwisha kukimbilia jambo lingine. Hivyo siku nzima inampita bila yeye kuwapo. Aliwashauri pia watenge siku moja katika kila juma, wafanye kazi zao polepole na kwa kimya, wakijua wanachokifanya.

Kwa watu waliozungukwa na kifo, ushauri huo waweza kuonekana kama mzaha. Mimi naona kinyume. Hofu hukaa katika kesho, na kisasi hukaa katika jana. Mtu asiyeweza kukaa katika leo, hata kwa muda wa kuosha sahani moja, atachukuliwa na mojawapo ya hizo mbili. Vijana wa Saigon hawakufundishwa kuosha vyombo ili wasahau vita. Walifundishwa ili vita visiingie ndani yao na kuwageuza wauaji.

Mishale miwili

Katika maandiko ya kale ya Wabudha umo mfano ambao Budha aliwapa wanafunzi wake. Mtu amechomwa na mshale, anaumia. Kisha anachomwa na mshale wa pili palepale. Anaumia mara mbili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe: ugonjwa, msiba, kukosa. Mshale wa pili ni ule ambao akili yetu inajirushia: kulalamika, kujilaumu, kukataa, kuwaza ubaya. Mwenye hekima huchomwa na mshale wa kwanza kama watu wote, lakini haongezi wa pili.

Kijana ameshindwa mtihani wa Serikali. Huo ni mshale wa kwanza, nao unauma kweli, kwa maana wazazi wameuza mbuzi ili kulipa masomo. Lakini usiku huohuo unaingia wa pili: mimi ni bure, wote wananicheka, mdogo wangu atanidharau, maisha yangu yamekwisha. Katika maneno hayo hakuna hata moja lililoandikwa katika matokeo ya mtihani. Uzingativu ni uwezo wa kuuona mshale wa pili ukiwa bado hewani, na kusema moyoni: hili ni wazo, si tukio.

Hapa sharti tuwe waangalifu. Wapo wanaoutumia mfano huu kuwaambia maskini kwamba mateso yao yote yamo katika fikra. Mfano hausemi hivyo. Njaa si wazo, na risasi si wazo. Mshale wa kwanza ni wa kweli, na anayeweza kuuchomoa ana wajibu wa kuuchomoa. Lakini mkono unaotetemeka kwa mshale wa pili hauwezi kuuchomoa ule wa kwanza.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Mtu huketi wima, akaitazama pumzi yake. Ikiwa ndefu, anajua kwamba ni ndefu. Ikiwa fupi, anajua kwamba ni fupi. Hailazimishi. Baada ya muda mfupi akili itatoroka, iende sokoni, iende kwenye ugomvi wa jana. Akitambua kwamba imetoroka, anairudisha pasipo kujikaripia. Kurudi huko ndiko zoezi lenyewe. Anayerudi mara hamsini katika dakika kumi amejizoeza mara hamsini jambo lilelile atakalolihitaji siku ujumbe wa chuki utakapomfikia.

Adui wa mbali na adui wa karibu

Katika karne ya 5 baada ya Kristu, katika kisiwa cha Sri Lanka, mwalimu aitwaye Buddhaghosa alikusanya mafundisho ya kale juu ya tafakuri. Humo alieleza kwamba kila fadhila ya moyo ina maadui wawili. Adui wa mbali ni kinyume chake kilicho wazi. Adui wa karibu ni kile kinachofanana nayo, hata kikaweza kuingia nyumbani kwa jina lake. Adui wa mbali wa huruma ni ukatili; huyo twamjua. Adui wake wa karibu ni huzuni.

Fundisho hili lingepaswa kujulikana na kila kijana anayehudumu kambini kwa wakimbizi au wodini kwa wagonjwa. Tumeona mara ngapi jambo hili? Kijana mwenye moyo mwema anakwenda kuwatembelea waliokimbia vita. Siku ya kwanza analia pamoja nao. Siku ya pili halali usingizi. Juma la tatu haonekani tena, naye anaona haya, akidhani kwamba hana upendo. Upendo anao. Kilichomshinda ni huzuni iliyojiita huruma. Mtu aliyetumbukia kisimani haokolewi na anayetumbukia pamoja naye, bali na yule anayebaki ukingoni, miguu imara, akiishika kamba. Uzingativu ndio unaoifanya miguu kuwa imara. Ninaona uchungu wako, ninaona pia uchungu unaoamka ndani yangu, sikimbii wa kwako wala sizamishwi na wa kwangu.

Mapokeo hayohayo yanafundisha namna ya kuupanua moyo kwa hatua. Mtu huanza kwa kujitakia mema yeye mwenyewe, si kwa kujipenda kupita kiasi, bali ili ajue kwa hakika kwamba kila kiumbe hutaka kuishi salama kama yeye. Kisha humtakia mema mtu anayempenda; baadaye mtu asiyempenda wala kumchukia, kama yule mama auzaye makala njiani ambaye hujawahi kumwuliza jina lake; na mwisho, adui. Hakuna anayelazimishwa kuruka hatua. Anayetaka kuanza na adui siku ya kwanza atasema maneno matupu, na moyo wake utabaki vilevile.

Huruma hii haiishii katika fikra. Maandiko ya Kibudha yanasimulia kwamba siku moja Budha, akifuatana na mwanafunzi wake Ananda, alimkuta mtawa anayeugua tumbo la kuhara, amelala katika uchafu wake. Alipomwuliza kwa nini hakuna anayemtunza, mgonjwa alijibu kwamba yeye hana tena faida kwa wenzake. Ananda akaleta maji, wakamwosha wote wawili kwa mikono yao, wakamwinua na kumlaza kitandani. Kisha Budha aliwakusanya watawa akawaonya kwamba hapo hawana mama wala baba wa kuwauguza, basi sharti waugzane wao kwa wao. Na kwamba yeyote anayetaka kumhudumia yeye, na amhudumie mgonjwa. Msomaji wa Injili ya Matayo, sura ya 25, hatahitaji maelezo zaidi.

Mashaka mawili

Wengine watauliza: je, hii si dini ya kigeni inayoingia kwa mlango wa nyuma? Swali hilo ni la haki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, uliitaja dini ya Kibudha kwa jina lake, ukafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Mwezi Mei 1966 mtawa Mkatoliki Thomas Merton alimpokea Thich Nhat Hanh katika monasteri yake ya Gethsemani, Marekani, na baadaye akaandika kwamba mtu huyo ni ndugu yake. Wala hakuwa peke yake: mchungaji Martin Luther King, Mbatisti, alimpendekeza mtawa huyo mwaka 1967 kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Hata hivyo undugu si kuchanganya mambo. Mwaka 1989 Roma iliwaandikia maaskofu juu ya tafakuri ya Kikristo. Barua hiyo ilikubali kwamba njia za kutafakari za dini nyingine zinaweza kutufaa, lakini ikaonya tusidhani kwamba utulivu wa mwili ndio faraja ya Roho Mtakatifu. Tofauti ipo, na ni heshima kwa pande zote mbili kuitaja. Mbudha anapotafakari hazungumzi na Mungu Muumba. Anatafuta kuzimika kwa tamaa, chuki na ujinga. Mkristo anaposali anamwitikia Baba aliyemwita kwanza. Uzingativu, basi, hauwezi kushika nafasi ya sala. Unaweza kuwa kama kufagia nyumba kabla ya mgeni kuingia: ufagio si mgeni, lakini aliyefagia ameonyesha kwamba anamngoja.

Shaka la pili linatoka upande mwingine: mambo haya ni ya watu walioshiba. Ni kweli kwamba mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, akitumia uzingativu pasipo mafundisho ya dini. Wagonjwa wengi wamefaidika, na hilo ni jambo jema. Lakini tangu hapo biashara imeingia. Leo uzingativu unauzwa kama dawa ya kumtuliza mfanyakazi ili azidi kufanya kazi bila kuuliza. Hapo ndipo mimi ninapokataa. Kumfundisha mwalimu kupumua vizuri ili avumilie mshahara usiolipwa si huruma hata kidogo. Uzingativu wa kweli humfanya mtu aone dhuluma waziwazi zaidi, kisha humpa nguvu ya kuikabili pasipo kuwachukia watu. Thich Nhat Hanh hakuyafumbia macho mabomu. Alitoka monasteri kwa sababu aliyasikia.

Tuanzie wapi?

Mwaka 1982 mtawa huyo na wenzake walianzisha kusini-magharibi mwa Ufaransa jumuiya iitwayo Plum Village. Huko, kila kengele inapolia, watu wote huacha walichokuwa wakifanya, wanaponda viazi au wanazungumza, nao huvuta pumzi kimya mpaka sauti itulie. Hata simu ikilia huifanya kuwa kengele. Sisi nasi tunayo kengele, na katika parokia nyingi ni kipande cha gurudumu la gari kilichotundikwa mtini. Wazee wetu walisimama shambani, jembe mkononi, iliposikika sauti ya Malaika wa Bwana. Tusione haya kusimama tena.

Pili, chagueni kazi moja ya kila siku, kama kuchota maji, kuosha vyombo au kupanga foleni, muifanye bila simu na bila haraka. Anayebeba bidoni la maji na aubebe uzito wake wa leo tu, asiongeze juu yake uzito wa kesho.

Tatu, sikilizeni. Katika kikundi chenu mtu mmoja aseme kwa dakika tano juu ya jambo linalomlemea, na wengine wasimkatize, wasimpe shauri, wasimsimulie habari zao. Mtashangaa jinsi ilivyo vigumu, na jinsi anayesikilizwa anavyoinuka akiwa mwepesi zaidi.

Lakini ninyi mnaoongoza wenzenu, shikeni tahadhari hii. Kwa mtu aliyeona mauaji au kutendewa ukatili, kufumba macho katika kimya kunaweza kuyarudisha yale aliyoyaona. Msimlazimishe. Aache macho wazi, atembee, aguse ukuta au udongo. Na kama usiku wake una hofu daima, asindikizwe kwa mwuguzi au mshauri mwenye ujuzi. Zoezi la pumzi si matibabu ya kila jeraha.

Thich Nhat Hanh alifariki tarehe 22 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 95, katika monasteri ya mji wa Hue alimoingia akiwa kijana. Vita alivyoviona vilikwisha zamani. Vyetu havijaisha. Ujumbe mwingine utaingia usiku huu au kesho, na kidole kitasogea.

Vuta pumzi ya kwanza, uone hasira yako. Vuta ya pili, umkumbuke mtu mmoja wa kabila hilo unayemjua kwa jina. Vuta ya tatu, ujiulize kama neno hili ni la kweli, na litamfanya nini. Kisha amua. Yaelekea utaufuta ujumbe, na hakuna atakayejua. Mahali fulani mtaani mtoto atalala nyumbani kwao hadi asubuhi, na hatajua kamwe kwamba wewe ulivuta pumzi.

Maswali ya kushirikishana katika kikundi

1. Ni lini mara ya mwisho nilipotuma au kusema jambo kwa hasira, kisha nikajuta? Mshale wa pili ulikuwa upi?

2. Katika huduma yetu kwa wanaoteseka, tumewahi kuichanganya huzuni na huruma? Nini kilitusaidia kurudi ukingoni?

3. Ni kengele gani katika siku yetu tunayoweza kukubaliana, kikundi kizima, kuisikia kwa kusimama na kuvuta pumzi?